Ukienda Kusaidia Penye Maafa, Usiende Kama Mgeni

Jumapili ya Desemba 3, 2023, kabla watu wa Katesh hawajatoka kwenda kanisani, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Wataalamu waliokwenda kuuchunguza walieleza baadaye kwamba miamba dhaifu ya mlima ule ilikuwa imenyonya maji ya mvua mpaka ikaachia. Tope lilishuka na mawe na magogo, likapita Gendabi, likaingia Katesh penyewe, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Babati kwenda Singida. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilifukiwa, maduka yakajaa udongo, na waliosalimika wakahamia kwenye madarasa ya shule.

Habari kama hiyo ikiingia kwenye simu yako ukiwa Mbagala au Kisumu, moyo hautulii. Wengine hutuma shilingi elfu kumi. Wengine hujaza nguo kwenye kiroba. Na wapo wanaofunga begi na kupanda basi. Makala haya ni ya hao wa mwisho, watu wanaotaka kwenda kwa miguu yao kufanya kazi kwa mikono yao, mbali na kwao, kwa ajili ya watu wasiowajua. Nia hiyo ni njema na tunaihitaji sana. Lakini nia njema isiyo na maandalizi humwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda watu kumi na wanne, kwenye Coaster moja, hadi kijiji kilichokumbwa na mafuriko. Tulichangishana mafuta ya gari, tukabeba mablanketi na katoni za sabuni, tukaimba njia nzima. Tulifika saa tisa alasiri tuna njaa. Hakuna aliyebeba chakula chake, maana kila mmoja alidhani tutanunua hukohuko, na maduka ya huko yalikuwa yamekwenda na maji. Kinamama wa pale, ambao usiku uliopita walilala kwenye sakafu ya shule, walipotuona walifanya kile walichofundishwa tangu utotoni: walipokea wageni. Bibi mmoja alikuwa na kanga moja tu iliyobaki kavu. Aliitandika juu ya benchi ili tukae. Wakasonga ugali kwa unga wa msaada, unga uliopimwa kaya kwa kaya asubuhi ileile, wakatunawisha kwa maji ambayo wasichana walikuwa wameyafuata mbali. Tulikula, kwa kuwa hatukujua tukatae vipi. Usiku, nimelala ndani ya gari, nikahesabu sahani zile. Kilikuwa chakula cha siku nzima cha familia mbili.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Penye maafa siku mbili hizo hazipo. Anayekwenda kusaidia ashuke garini jembe liko mkononi, chakula chake kiko begini, na pa kulala panajulikana. Karibu yote nitakayoyaeleza hapa yanatokana na hilo.

Uliza kwanza kama unahitajika

Saa za mwanzo za maafa ni za watu wa palepale. Ndege ya abiria ilipoanguka kwenye Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, Novemba 6, 2022, waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokoka. Mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima na baadaye akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wewe uliye mbali huwezi kuziwahi saa hizo, wala usijilaumu. Zamu yako inakuja baadaye: wiki ya pili, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, wakati waandishi wa habari wameshaondoka, majirani wamechoka, na tope bado limejaa vyumbani. Ukiniuliza mimi, mtu mmoja anayekwenda wiki ya tatu akakaa siku kumi ana faida kuliko watu kumi waliokwenda siku ya pili wakakaa saa sita.

Pa kuuliza panajulikana. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kamati za maafa zipo kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kwa hiyo simu yako ya kwanza iende ofisi ya mkuu wa wilaya, halmashauri, au tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu la mkoa ule. Ukiwa Kenya, utaanzia ofisi za kaunti au Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambao namba yao ya dharura ni 1199. Uliza bila kuzunguka: mnapokea watu wa kujitolea? Wa kazi gani? Tukifika turipoti kwa nani? Tutalala wapi?

Ukiambiwa msije kwanza, usiende. Kukataliwa huko si dharau. Huenda daraja limekatika na njia moja iliyobaki ni ya magari ya wagonjwa. Huenda bado wanatafuta watu walio hai. Kwenye jengo lililoporomoka, kama lile la Kariakoo la Novemba 16, 2024, sauti ya mtu aliyefukiwa ni ndogo mno. Umati ukisimama juu ya kifusi huizima sauti hiyo, na uzito wa miguu yao unaweza kukishusha kifusi juu yake.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kujiunga kabla maafa hayajatokea. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na cha Kenya kilianza mwaka 1965. Vyote viwili vina matawi na vinawafundisha wanachama huduma ya kwanza na kazi za kambini. Skauti pia wana mafunzo yao. Mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la tawi, na ambaye kiongozi wake anajua anaweza nini, huitwa. Akifika anapewa kizibao, zamu na mtu wa kumsimamia. Mwingine yeyote, hata awe na moyo mkubwa kiasi gani, atasimama getini akisubiri mtu wa kumhoji, na huyo mtu wa kumhoji ana mambo mia moja ya kufanya.

Sema wazi unachokiweza, na usikidogoshe. Kambi ya watu elfu mbili inamhitaji mama aliyezoea kupika kwenye masufuria ya harusi kuliko inavyomhitaji kijana mwenye misuli tu. Inahitaji fundi bomba, fundi umeme, nesi, dereva wa tingatinga, na mtu wa mwandiko mzuri anayeweza kukaa siku nzima akiandika majina bila kukosea. Na inahitaji lugha. Hanang ni nchi ya Wadatoga na Wairaqw, na wapo wazee ambao Kiswahili chao hakifiki mbali. Binti wa huko anayesoma Dodoma, anayeweza kukaa na bibi na kumsikiliza kwa lugha yake, ni hazina.

Kuna wanaopaswa kubaki nyumbani, nao wasione haya. Mjamzito, anayetumia dawa zinazohitaji jokofu, aliyetoka kufiwa hivi karibuni, mwenye mgongo mbovu. Kupokea simu za watu wanaotafuta ndugu zao, kukusanya michango mtaani, kulea watoto wa jirani aliyekwenda, yote hayo ni kazi ya maafa.

Begi

Hesabu siku zako kwanza. Chini ya siku tano, nauli na usumbufu havilipi, labda uwe na ufundi maalumu. Zaidi ya wiki mbili mfululizo, mwili na akili vinaanza kukusaliti. Omba ruhusa kazini kwa maandishi, waage watu wa nyumbani, na uwaachie jina na namba ya kiongozi unayekwenda kuripoti kwake.

Kisha fikiria nchi unayokwenda, si ile unayotoka. Mlima Hanang unazidi mita 3,400, na mtu aliyetoka Temeke na shati moja atatetemeka usiku. Aliyekulia kwenye baridi ya Njombe akishuka Rufiji, kama wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, anaingia kwenye malaria ambayo mwili wake haujaizoea. Huyo alale ndani ya chandarua, na kabla ya safari amwone daktari aulize habari ya dawa za kinga. Usisafiri pia bila kujua chanjo yako ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini. Misumari, mabati na vioo vilivyomo ndani ya tope havionekani, na kila atakayeshika koleo atakatwa angalau mara moja. Uliza na chanjo ya homa ya ini. Hakikisha kadi yako ya bima bado ni hai.

Viatu ndivyo vitu vya kwanza. Buti za mpira ndefu zenye soli nene, zilizokwisha kuvaliwa nyumbani, maana buti mpya hukutoa malengelenge siku ya kwanza, na mtu mwenye malengelenge hana faida tena. Soksi nyingi. Glovu za kazi ngumu, za ngozi, na chini yake za mpira. Barakoa kwa ajili ya siku ambazo tope litakauka na kuwa vumbi. Koti la mvua, sweta, shuka. Tochi ya kuvaa kichwani, kwa sababu mikono yako ina kazi. Simu ya kitochi pamoja na simu janja yako, kwa kuwa betri ya kitochi hudumu siku kadhaa na umeme hautakuwapo. Fedha taslimu za noti ndogondogo, kwa sababu mtandao ukikatika au wakala akiishiwa floti, salio lako la simu ni namba tu. Kitambulisho cha NIDA kwenye mfuko wa nailoni, na karatasi ndogo yenye jina lako, namba ya ndugu, dawa unazotumia na zile zinazokudhuru. Karatasi hiyo ikae mfukoni mwako. Ukiwa umezimia, hakuna atakayekwenda kufungua begi kwenye hema.

Chakula chako cha siku zote ulizopanga: mchele, dagaa, maharage, karanga, unga wa uji, biskuti ngumu. Maji ya siku mbili za kwanza na kitu cha kutibia yanayofuata, iwe vidonge vya klorini au sufuria ya kuchemshia. Kwa anayechemsha, maji yachemke kwa nguvu dakika nzima ndipo yapoe. Usisahau sahani, kikombe na kijiko chako, ndoo yako na sabuni yako.

Na koleo. Kama unaweza kubeba koleo, toroli au jembe, beba, halafu uliache kule unapoondoka.

Njiani na kazini

Njiani pana hatari kuliko watu wanavyodhani. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanaweza kulibeba gari. Dereva akisema atajaribu kuvuka, shukeni. Msisafiri usiku. Mai Mahiu, Kenya, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani yalivunja alfajiri ya Aprili 29, 2024, watu wakiwa usingizini, na zaidi ya 40 walikufa. Nchi iliyolowa namna hiyo haitabiriki. Mkifika, ripotini kabla ya kushusha mizigo, mwandikwe majina, na mtii zamu mliyopewa hata kama ni ya kuosha masufuria.

Kazi utakayopewa mara nyingi ni kutoa tope. Usiingie kwenye nyumba peke yako, wala usiingie kabla fundi hajathibitisha kwamba umeme umekatwa. Nyumba ya matofali mabichi iliyokaa majini siku tatu inaweza kusimama asubuhi na kulala mchana, kwa hiyo tazama nyufa za pembeni na sikiliza. Fanyeni kazi wawili wawili, pumzikeni kila saa, kunyweni maji kabla kiu haijaja.

Kuna nyumba moja siisahau. Mwenyewe, mzee wa miaka sabini hivi, alikaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama kila koleo tulilolitoa. Nilidhani anapumzika. Nilipofika kwenye kona ya chumba cha ndani akaniambia, “Mwanangu, taratibu hapo, hapo palikuwa na kitanda.” Tukaacha makoleo, tukachimba kwa mikono. Lilitoka sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na karatasi za kiwanja, kadi za kliniki za watoto wake ambao sasa ni watu wazima, na picha ya marehemu mkewe, zote zimeshikana kama mkate uliolowa. Mzee hakulia. Alilishika lile bunda akauliza, “Zitafaa?” Wala hatukujua. Mmoja wetu akaanza kuzibandua kwa nguvu, na karatasi ya juu ikachanika mbele ya macho yake.

Tangu siku hiyo nimejifunza, na wewe ujue kabla ya kwenda. Karatasi zilizoshikana kwa maji usizibandue. Zisuuze polepole kwa maji safi, ziweke juu ya kitambaa mahali pakavu penye kivuli na upepo, si juani, uziache zianze kuachana zenyewe. Picha zianikwe uso juu, wala usiufute uso wake kwa kidole. Na usitupe kitu chochote bila kumwuliza mwenyewe. Kinachoonekana kwako kama takataka kina jina kwake. Kwa mtu aliyepoteza hati, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, kupata haki yake baadaye ni safari ndefu ya ofisi kwa ofisi. Bunda lile la karatasi linaweza kuwa na thamani kuliko nyumba yenyewe.

Ukikuta mwili wa mtu, simama. Usiuburute, usiuhamishe, usiupige picha. Mwite kiongozi wako na polisi. Watu wengi huogopa kwamba maiti italeta mlipuko wa ugonjwa, na hofu hiyo husukuma mazishi ya haraka ya pamoja kabla majina hayajajulikana. Wataalamu wa afya wamekwisha kueleza kwamba miili ya waliokufa kwa mafuriko au maporomoko kwa kawaida haisababishi magonjwa ya mlipuko, ingawa wanaoishika lazima wavae glovu na kunawa. Kumtambua marehemu kuna uzito mkubwa kwa walio hai. Familia isiyojua ndugu yao amezikwa wapi haimalizi matanga.

Simu yako iache mfukoni. Mtu aliyevaa nguo ya kulalia iliyojaa tope hajakukubalia umrushe mtandaoni, hata kama unataka kuhamasisha michango. Kama picha ni ya lazima, mwombe mwenyewe, na akikataa, imekwisha.

Nina neno zito kuhusu wanawake, wasichana na watoto. Msaada hauna malipo ya aina yoyote: si fedha, si namba ya simu, si mwili. Anayeonekana akimdai msichana chochote kwa ajili ya turubai au kilo mbili za unga aripotiwe hapohapo kwa polisi na kwa afisa ustawi wa jamii, hata kama ni rafiki uliyekuja naye kwenye gari moja. Mtoto aliye peke yake usimchukue, hata kwa nia ya kumlea, hata kwa usiku mmoja. Mpeleke kwenye dawati la ustawi wa jamii, andikisheni alipokutwa na alivyovaa, maana huenda mama yake yuko shule ya pili anamtafuta. Ugawaji ufanyike mchana, na wanawake wa palepale wawe miongoni mwa wanaoshika orodha, kwa sababu wao wanajua nani ana mjamzito ndani na nani anajiandikisha mara mbili.

Na kusikiliza nako ni kazi. Wanaofundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia huifupisha kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ametulia kupita kiasi au hali chakula. Sikiliza bila kumlazimisha asimulie. Kisha muunganishe na anachokihitaji, awe ndugu yake, kiongozi wake wa dini, au mganga wa zahanati. Usimwambie ni mipango ya Mungu isipokuwa yeye mwenyewe ameanza kusema hivyo. Usimwahidi nyumba. Kaa naye. Wakati mwingine mtu anataka tu mwenzake ashike upande wa pili wa turubai wakati anafunga kamba.

Afya yako

Baada ya mafuriko, vyoo na visima huchanganyika. Kipindupindu huanzia hapo, na mtu wa kujitolea asiyenawa mikono anaweza kuugua au kuusambaza. Nawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo, hata kama maji ni kikombe kimoja. Ukipata kuhara maji mengi, usijikaze: anza ORS mara moja, ukimbilie zahanati.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wengi waliusikia kwa mara ya kwanza mwaka 2022 ulipotokea Lindi, homa ya mgunda. Huenezwa na mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, unaoingia kwenye maji na tope, na hupitia kwenye michubuko ya ngozi. Ndiyo sababu nimesisitiza buti na glovu. Funika kila kidonda kabla ya kuingia topeni, na ukitoka oga kwa maji safi. Nyoka nao hukimbilia juu wakati wa mafuriko, wakajificha chini ya mabati na magodoro, kwa hiyo geuza vitu kwa fimbo, si kwa mkono.

Kuhusu vitu vya kubeba

Kila maafa hupata mlima wa nguo. Nimeona suti za harusi, viatu vya mguu mmoja, magauni ya sherehe ya watoto. Kuzichambua kunakula siku nzima ya watu ambao wangekuwa wanapika. Kama unabeba vitu, beba vile ulivyoombwa, vilivyofungwa kwa aina na kuandikwa juu: taulo za kike, ndoo zenye mfuniko, maturubai, kanga mpya, sufuria, sabuni, nepi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga usibebe bila kuagizwa na wahudumu wa afya. Yakikorogwa kwa maji machafu yanaua, na mama aliyekuwa akinyonyesha anaweza kuacha. Na kama njia ipo, fedha iliyotumwa kwenye akaunti rasmi iliyotangazwa na serikali au chama cha msaada inafanya kazi haraka kuliko kiroba. Inanunua unga Babati, inamwachia hela mwenye duka wa Babati, wala hailipi nauli ya lori kutoka pwani. Hili linawahusu zaidi ndugu zetu walio Muscat, London au Minneapolis: nauli ya ndege ya mtu mmoja ni mabati ya nyumba nzima.

Ukirudi

Siku ya kwanza utalala sana. Siku zinazofuata, harufu ya udongo baada ya mvua inaweza kukurudisha kule, ukaota, ukakosa hamu ya kula, ukawakasirikia watu wa nyumbani kwa sababu wanalalamikia mambo madogo. Hiyo si laana wala udhaifu. Kaa na wale mliokwenda pamoja, zungumzeni. Ikipita wiki kadhaa bila nafuu, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo. Na kwa mwezi mzima, homa yoyote ikikupata, mwambie daktari mapema kwamba ulikuwa unafanya kazi kwenye tope na maji ya mafuriko, maana malaria na homa ya mgunda huweza kuanza siku nyingi baada ya safari, na asipojua ulikotoka atatafuta mahali pengine.

Wapigie simu wale uliowaacha. Si kila siku, lakini wapigie. Yule mzee wa sanduku la bati alinipigia miezi minne baadaye kuniambia kwamba karatasi za kiwanja zilisomeka.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Kabla hazijafika, nenda ofisi ya tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu nawe, andikisha jina lako na ufundi wako, uulize mafunzo ya huduma ya kwanza yanaanza lini. Andika kwenye simu yako namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji kwa Tanzania, au 1199 kwa Kenya. Halafu nunua buti, uanze kuzivaa ukifagia uwanja.